Kuhamisha Mashine Pepe: Hitilafu Zinazojitokeza na Namna ya Kuzitatua

Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili wanaosaidia huduma za kompyuta katika zahanati, shule na vikundi vya kuweka na kukopa.



Awali ya yote nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi peke yao. Nimeombwa kueleza kwa nini mashine pepe, zinapohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, hugoma kuwaka au huwaka zikiwa na kasoro, na nini kifanyike.

Nianze na jambo ninalotaka kila mmoja aondoke nalo. Kunakili diski si kuhama. Kuhama kumekamilika pale watumiaji wenyewe, yaani mhasibu, mganga na mwalimu, wanapofungua kumbukumbu zao kwenye mfumo mpya na kuthibitisha kwamba ni zilezile na ni zote. Kabla ya hapo, mashine ya zamani isifutwe.

MASHINE PEPE NI NINI

Zamani kila kazi ilikuwa na kompyuta yake. Mahesabu yalikuwa na seva yake, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa na yake, na ada za shule yake. Seva tatu zilikula umeme wa seva tatu, na kila moja ilitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Siku hizi seva moja yenye nguvu inaweza kubeba kompyuta zote tatu ndani yake, kila moja ikijiona kama ipo peke yake. Kompyuta hizo za ndani ndizo tunazoziita mashine pepe. Programu inayozigawia nguvu, kumbukumbu, diski na mtandao, na kuzizuia zisiingiliane, inaitwa haipavaiza.

Haipavaiza zipo za aina nyingi. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 huko California, nayo ndiyo iliyoeneza teknolojia hii kwenye kompyuta za kawaida. Xen ilitoka mwaka 2003. KVM iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Hyper-V ya Microsoft ilitoka mwaka 2008, na mwaka huohuo ikatoka Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna, Austria, na ambayo imejengwa juu ya KVM.

Kwa haipavaiza, diski nzima ya mashine pepe kwa kawaida ni faili kubwa tu. VMware huandika mafaili ya aina ya VMDK, Hyper-V huandika VHDX, na KVM hutumia zaidi qcow2. Kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine ni kazi nyepesi. Programu iitwayo qemu-img, ambayo ni ya bure, huifanya kwa amri moja.

Ugumu uko kwingine. Mashine pepe ni kama mpangaji anayehama nyumba. Vyombo vyake vyote anavyo, lakini nyumba mpya ina soketi za umeme za aina nyingine na kufuli la aina nyingine. Vyombo havikuharibika. Haviingii tu mahali pake. Hitilafu nyingi nitakazozitaja leo ni za namna hiyo: data ipo salama, ila mashine haijui njia ya kuifikia.

KWA NINI OFISI NYINGI ZINAHAMA SASA

Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu. Badala yake mteja hulipia kwa kipindi. Februari 2024 haipavaiza yake ya bure, ESXi, iliondolewa. Ilirudishwa Aprili 2025, lakini wakati huo watumiaji wengi walikuwa wamekwisha kuanza safari. Kisha tarehe 2 Oktoba 2025 matengenezo ya kawaida ya toleo la vSphere 7 yalifikia kikomo, maana yake seva zilizobaki kwenye toleo hilo hazipati tena marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida.

Sikuja hapa kumlaumu muuzaji wala kumpigia debe mwingine. Kila ofisi ipige hesabu yake. Ninachoomba tukumbuke ni kwamba programu ya bure haifanyi kuhama kuwe bure. Gharama inatoka kwenye leseni na kwenda kwenye muda wa fundi, diski za akiba na siku za majaribio. Kamati ikipitisha bajeti yenye sifuri kwenye mafungu hayo, imejiandalia matatizo.

MAANDALIZI KABLA YA KUNAKILI

Hitilafu nyingi huzuiliwa wakati mashine bado inafanya kazi kwenye makao yake ya zamani. Mambo haya sita yafanyike kwanza.

1. Iandikwe orodha ya kila mashine: jina lake, ukubwa wa diski, idadi ya diski, anwani yake ya mtandao, na kama inawaka kwa mtindo wa zamani wa bayosi au kwa mtindo mpya wa UEFI. Picha za skrini zenye maelezo hayo zichapishwe kwenye karatasi. Seva ikigoma usiku, orodha iliyo ndani ya seva hiyo haitasaidia mtu.

2. Ichukuliwe nakala rudufu, nayo ijaribiwe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

3. Programu za msaada za haipavaiza ya zamani, kama zile VMware Tools, ziondolewe kabla ya kuhama. Zikishafika kwenye nyumba ngeni, mara nyingi hukataa kuondoka, kwa kuwa kiondoaji chake hutafuta VMware na hakiioni.

4. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 uandikwe na kuhifadhiwa mahali salama, na ulinzi huo usimamishwe kwa muda. Mashine ikiamka kwenye mazingira mapya bila hivyo, itaudai ufunguo huo, na asiye nao haingii.

5. Muuzaji wa programu ya mahesabu aulizwe mapema. Programu nyingine hufungwa kwa alama za kompyuta husika, na alama hizo hubadilika mashine inapohama. Windows yenyewe inaweza kudai kuthibitishwa upya.

6. Upigwe muda. Diski ya gigabaiti 500 kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa moja. Diski hiyohiyo kwenye mtandao wa megabiti 100 huchukua zaidi ya saa 11. Aliyepanga kumaliza jioni moja kwa swichi ya zamani atakutwa na asubuhi, na wagonjwa wako mlangoni.

Jambo dogo linalowakwaza wengi ni flashi. Flashi au diski ya nje iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Iandaliwe kwa mtindo wa exFAT au NTFS kabla ya siku ya kazi.

TAFUTA MASHINE IMEKWAMA KITUO GANI

Mashine ikigoma, shida kubwa si ukosefu wa dawa bali ni kupapasa. Fundi hubadili mambo matano kwa pamoja, na ikiwaka hajui ni lipi lililoiponya. Isipowaka hajui ni lipi limeizidishia ugonjwa. Ni vema kuuliza swali moja: imefika wapi? Kuwaka kwa kompyuta kuna vituo vinne, na kila kituo kina magonjwa yake.

Kituo cha kwanza: haijaanza kabisa

Skrini ni nyeusi, au inaandika kwamba hakuna diski ya kuwakia. Hapa Windows au Linux haijafikiwa hata kidogo. Mara nyingi sababu ni tofauti ya bayosi na UEFI. Mashine iliyozoea UEFI imewekwa kwenye bayosi, au kinyume chake. Dawa ni kurudi kwenye ile orodha ya karatasi na kuweka mtindo uleule wa awali.

Kwenye Hyper-V uamuzi huo hufanywa siku mashine inapoundwa. Kizazi cha 1 hutumia bayosi, Kizazi cha 2 hutumia UEFI, na huwezi kubadili baadaye. Aliyekosea hana budi kuunda mashine nyingine na kuiunganisha na diski ileile.

Wakati mwingine mtindo wa UEFI umewekwa sawasawa na bado mashine haiamki. Hapo tukumbuke kwamba UEFI huweka kumbukumbu ya njia ya kuwakia nje ya diski, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida haihami na faili la diski. Fundi aingie kwenye menyu ya UEFI na kuionyesha mashine faili la kuwakia lilipo. Kwenye Proxmox, pia aongeze ile diski ndogo ya EFI ili kumbukumbu hiyo ipate pa kukaa, vinginevyo itasahaulika kila mashine inapozimwa.

Kituo cha pili: imeanza, kisha ikaanguka

Windows inaonyesha alama yake, halafu skrini inageuka rangi na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au namba 0x7B. Watumiaji wakiyaona maandishi hayo hudhani kila kitu kimepotea. Sivyo. Windows inasema tu kwamba haioni diski yake. Kule VMware ilikuwa imeunganishwa na diski kwa kontrola ya aina moja, na huku KVM imewekewa ya aina nyingine iitwayo VirtIO, ambayo Windows haina draiva yake.

Dawa yake ina hatua, nazo zifuatwe kwa mpangilio:

a) Mashine izimwe, na diski yake iunganishwe kwa SATA au IDE. Hizo Windows inazifahamu. Itawaka, ingawa kwa mwendo wa polepole.

b) Iongezwe diski nyingine ndogo, hata ya gigabaiti 1 tu, iliyounganishwa kwa VirtIO. Diski hii haina data yoyote. Kazi yake ni kuifanya Windows ikutane na kifaa hicho.

c) Draiva za VirtIO ziwekwe. Windows ikishaiona ile diski ndogo, basi draiva imekubali.

d) Mashine izimwe, diski ndogo iondolewe, na diski kuu ihamishiwe kwenye kontrola ya VirtIO ya aina ileile. Ihakikishwe pia kwamba diski kuu bado ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwaka.

Wanaoruka hatua ya b hushangaa kwa nini draiva wameiweka na bado mashine inaanguka. Sababu ni kwamba kuweka draiva ni jambo moja, na Windows kuipakia mapema wakati wa kuwaka ni jambo jingine. Haitaipakia mapema mpaka iwe imekutana na kifaa chenyewe.

Kwa Linux shida hii ni ndogo zaidi, kwa kuwa draiva za VirtIO zimo tayari ndani yake. Lakini baadhi ya aina, hasa zile za ukoo wa Red Hat, huandaa faili la kuamshia lenye draiva za vifaa vilivyokuwapo tu. Zikihamia kwingine, hukwama kwenye skrini ya dharura. Fundi achague kuwaka kwa njia ya uokoaji iliyo kwenye menyu ya mwanzo, kisha aliunde upya faili hilo kwa amri ya dracut. Ipo pia programu iitwayo virt-v2v, ambayo hugeuza diski na kuiwekea draiva kwa wakati mmoja. Kwa mwenye mashine nyingi itamwokolea muda.

Kituo cha tatu: imewaka, lakini haionekani

Mashine imewaka vizuri na unaweza kuingia, lakini kompyuta za ofisini haziioni. Hapa tatizo ni kadi ya mtandao. Mashine pepe ikihama hupewa kadi mpya, na mara nyingi namba mpya ya utambulisho wa kadi hiyo.

Kwenye Linux, jina la kadi hubadilika. Ile iliyokuwa ikiitwa ens192 kwenye VMware, kwa mfano, huenda ikawa ens18 kwenye Proxmox. Faili la mipangilio bado linazungumza na ens192, ambayo haipo tena. Jina likirekebishwa, mtandao hurudi.

Kwenye Windows, kadi ya zamani huwa haionekani lakini bado imeandikishwa, na ndiyo inayoishikilia anwani. Ukijaribu kuipa kadi mpya anwani ileile, Windows hukuonya kwamba anwani hiyo imekwisha kutolewa kwa kadi nyingine. Fundi afungue orodha ya vifaa, aagize vile vilivyofichwa vionekane, aiondoe kadi ya zamani, ndipo aiandike anwani kwenye mpya.

Mahali ambapo anwani hugawiwa na ruta kwa kufuata namba ya kadi, ruta ipewe namba mpya, au mashine mpya ipewe namba ile ya zamani. Hili la pili linakubalika kwa sharti moja: mashine ya zamani iwe imezimwa. Mbili zikiwaka pamoja kwa anwani moja, leo mtumiaji ataandika kwenye hii na kesho kwenye ile, na siku ya kufunga hesabu hakuna iliyo kamili.

Kituo cha nne: inaonekana, lakini inakosea

Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila kitu kinaonekana kimepona. Nitataja makosa mawili.

La kwanza ni saa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Haipavaiza moja huipa mashine pepe saa ya hapa, na nyingine huipa saa ya dunia. Windows kwa kawaida hudhani imepewa saa ya hapa. Ikipewa ya dunia, itabaki nyuma kwa saa tatu kamili. Risiti zitasomeka zimekatwa alfajiri, na dawa zitaandikwa kuwa zimetolewa kabla mgonjwa hajapokelewa. Saa ikipotoka hivyo, hata kuingia kwa majina na maneno ya siri kwenye mtandao wa ofisi kunaweza kugoma, kwa sababu mfumo wa Windows wa kuthibitisha watumiaji kwa kawaida hauvumilii tofauti inayozidi dakika 5. Dawa ni mpangilio mmoja kwenye haipavaiza unaosema saa ya mashine hii ni ya hapa, pamoja na kuiunganisha mashine na seva ya saa.

La pili ndilo baya kuliko yote niliyoyasema leo, nalo ni snapshoti.

Snapshoti ni alama ambayo fundi huiweka kabla ya kufanya mabadiliko, ili akiharibu aweze kurudi nyuma. Tangu alama hiyo inapowekwa, VMware haiandiki tena kwenye faili kuu la diski. Kila kinachoandikwa, kila mgonjwa anayesajiliwa, kila ada inayolipwa, huingia kwenye faili jingine la pembeni. Ikiwa snapshoti iliwekwa Machi na ikasahaulika, basi faili kuu limesimama Machi, na miezi yote iliyofuata iko pembeni.

Sasa mwenye kuhamisha akinakili faili kuu peke yake, mashine itawaka. Haitatoa kelele yoyote. Mtandao utakuwepo, programu ya mahesabu itafunguka, salio litaonekana. Lakini litakuwa salio la Machi. Mganga atamtafuta mtoto aliyechanjwa mwezi uliopita na hatamkuta. Na kama ile seva ya zamani imekwisha kufutwa au kuuzwa, kumbukumbu hizo hazirudi.

Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema. Kabla ya kunakili, snapshoti zote zifutwe kwa njia ya haipavaiza yenyewe. Neno kufuta hapa huwatisha watu, lakini maana yake ni kuyaunganisha mafaili ya pembeni na faili kuu, hivyo data mpya haipotei. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa ikiwa snapshoti ni ya siku nyingi, na inahitaji nafasi kwenye diski. Mafaili ya pembeni yenyewe yasifutwe kwa mkono hata kidogo.

Ndugu zao ni wale wanaonakili faili dogo la VMDK na kuliacha kubwa. VMware huweka mafaili mawili kwa kila diski: moja dogo sana lenye maelezo tu, na jingine ambalo jina lake huishia na -flat.vmdk, lenye data yote. Ukiona umehamisha seva nzima kwa sekunde mbili, usishangilie. Umebeba lebo na kuliacha gunia.

KAZI YA KAMATI

Wajumbe mtaniuliza: sisi si mafundi, tufanye nini? Kazi yenu ni kuuliza na kutaka majibu yaliyoandikwa. Kabla ya kuidhinisha kazi hii, muulizeni fundi maswali haya:

1. Orodha ya mashine iko wapi, na nani mwingine ana nakala yake?
2. Nakala rudufu ilijaribiwa kurejeshwa lini?
3. Kuna snapshoti ngapi, na zitaunganishwa lini?
4. Ni mashine ipi itahama kwanza? Jibu jema ni ile isiyo na uzito, kwa mfano ya kuchapishia, si ya mahesabu.
5. Ikifika saa ya kufungua ofisi na kazi haijaisha, tutarudije kwenye seva ya zamani?
6. Nani, kati ya watumiaji, atathibitisha kwamba kumbukumbu zimekamilika?

Swali la sita msilikubalie jibu la "nitaangalia mwenyewe." Fundi ataona kwamba programu inafunguka, lakini mhasibu ndiye anayeijua stakabadhi ya mwisho ya Ijumaa. Kabla ya kuzima seva ya zamani, kila idara iandike vitu vitatu kwenye karatasi: rekodi ya mwisho iliyoingizwa, jumla ya rekodi, na salio au hesabu ya siku hiyo. Baada ya kuhama, karatasi hiyo ilinganishwe na skrini, na mwenye idara atie saini. Ni kazi ya nusu saa, nayo huwafichua wote wawili, snapshoti iliyosahaulika na saa iliyopotoka.

Kuna pia suala la sheria. Diski iliyonakiliwa ina majina, magonjwa na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwa hiyo zile diski za nje zilizotumika kusafirishia zisibaki kwenye droo wala kwenye mkoba wa fundi. Ziandikishwe, zifungiwe, na data iliyomo ifutwe kabisa kazi ikishakamilika.

KAZI YA WAFADHILI

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Mara nyingi msaada hutolewa kwa ajili ya seva mpya, ambayo inaonekana na kupigwa picha. Tunaomba pia fungu la kuhama lenyewe: diski za akiba, siku za fundi, na mafunzo ya mtu mmoja wa hapo hapo anayebaki baada ya fundi kuondoka. Na tunaomba msiharakishe kuitaka seva ya zamani iondolewe kwenye orodha ya mali. Iachwe imezimwa na imetunzwa, angalau mpaka hesabu za mwezi mmoja zifungwe na ripoti za zahanati za mwezi huo zitoke bila kasoro. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Seva ile ya zamani ndiyo mbachao wetu.

Kwa kumalizia, ndugu zangu, teknolojia hizi zitaendelea kubadilika. Tumehama leo, na huenda tukahama tena baada ya miaka mitano, kwa sababu kampuni hununuliwa, bei hupanda, na vifaa huchakaa. Kwa hiyo kila kuhama kuache daftari: tuliyoyakuta, tuliyoyabadili, kwa tarehe na saini. Yule atakayeihamisha tena mashine hiyo huenda sasa hivi yuko kidato cha pili katika shule yetu moja. Daftari hilo litamfaa kuliko maelezo yangu ya leo.